Umbali wa Mkamwana

Nesi Tusajigwe hakuwa mtu wa kuchezewa. Waulize wanachuo wa Chuo cha Neema, pale kabla hujafika Matema, wakuambie. Wimbi la tatu la Korona lilipopiga alisimama getini kila asubuhi na kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, na hakupita mtu. Mwalimu wa Agano la Kale alijaribu kupenya kwa salamu ya "Ugonile, mama" ya sauti laini na tabasamu juu. Akaambiwa tabasamu alifunike na barakoa, paji la uso alilete hapa. Muuza ndizi alipimwa. Watani wakasema hata ng'ombe wa chuo aliponea kwa sababu tu nesi hakujua paji lake la uso linaanzia wapi.

Wala haukuwa ukali wa bure. Mabweni yenyewe mawili, vitanda vya juu na chini, na kwaya kila jioni watu wanaachama midomo. Ugonjwa ukiingia humo, umeingia. Na alikuwepo mtu mmoja aliyemkosesha Tusajigwe usingizi kuliko wote: Naomi, katibu muhtasi wa Mkuu wa Chuo. Naomi alikuwa na pumu. Tangu utoto wake kule Ikombe, moshi wa mama yake akichoma vyungu ulikuwa ukimwangusha kitandani wiki nzima. Tusajigwe alikuwa amemuuguza kifua kile mara nyingi mpaka akakizoea.

"Wewe ukiupata huu ugonjwa, Naomi, hutoki," alimwambia bila kuzunguka. "Kwa hiyo huupati. Nimesema."

"Haya, Bwana Mungu," Naomi akajibu, akacheka mpaka akashika ubavu.

Tusajigwe akamtoa bwenini, akampa chumba cha peke yake ubavuni mwa zahanati. Akampiga marufuku soko, kwaya na jikoni. Chakula akawa anampelekea mwenyewe. Naomi akalalamika kwamba sasa amekuwa kuku wa kufugwa, lakini alitii, maana alijua mwenzake anamwogopea kwelikweli.

Sasa ujue jambo moja. Mkuu wa Chuo, Mchungaji Anyelwisye, alikuwa baba mkwe wa Tusajigwe. Na kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawasalimiani, hawatazamani, hawapishani kwenye njia moja. Siku hizi wengi wamelegeza; utamkuta mkamwana anampakulia baba mkwe wali, na mbingu iko pale pale. Lakini mzee huyu alilelewa kizamani, na Tusajigwe alilelewa na bibi yake huko Ngana, bibi ambaye angetoka kaburini kuja kumtandika. Tangu aolewe na Lugano, yeye na mzee hawakuwahi kusemezana hata neno. Mzee akitokea, nesi anajitanda kitenge na kukata kwenye majani. Nesi akitokea, mzee anakumbuka kitu alichosahau ofisini. Chuo kiliwatobolea hata geti dogo la nyuma, upande wa mikakao, Mkuu awe anapita huko na ufunguo wake mfukoni, wasije wakagongana.

Na kazi je? Kazi ilipita mdomoni mwa Naomi. Mkuu akisema, "Naomi, mwambie nesi dawa zimeagizwa," Naomi anavuka uwanja na kufika zahanati. "Nesi, mkweo kasema dawa zimeagizwa, na kwa alivyokunja uso usiulize tena." Nesi naye, "Mwambie Mkuu asante, lakini sabuni imeisha." Naomi huyo, anarudi. "Nyie watu," alizoea kusema, "siku nikiolewa mtakufa mabubu."

Basi siku Mkuu alipotangaza masharti ya Korona, ibada ilifanyika nje, viti vimeachanishwa uwanja mzima. Akasoma waraka wa wizara, watu wanasinzia. Akaukunja. "Mnataka kujua umbali ulio salama ni upi?" akauliza. "Mtazameni mkamwana wangu na mimi!"

Loo! Chuo kizima kiliangua kicheko. Tusajigwe, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nguzo ya kanisa, alijifunika kitenge mpaka puani, na tusidanganyane, alifurahi. Nani hapendi kusifiwa heshima yake mbele za watu? Tangu siku hiyo neno likakaa vinywani. Kwenye foleni ya ugali mtu akikusogelea unamwambia, "Kaa kimkamwana!" Na anarudi nyuma, maana hilo hata mtoto wa Kyela analielewa.

Na ilifanya kazi, jamani. Huko nje habari za misiba zilikuwa zinapishana, lakini chuoni Neema hakuugua mtu. Wazazi walipiga simu kutoka Tukuyu, kutoka Mbeya: "Ndaga fijo, asante sana, nesi, umetutunzia watoto." Tusajigwe akaanza kutembea kifua mbele. Kwa nini asitembee hivyo? Alikuwa amepima kila aliyevuta pumzi pale ndani.

Asubuhi moja Naomi alikuja kupimwa kama ilivyo ada, kipimajoto kikalia.

Tusajigwe akakifuta na gauni lake. Akajipima mwenyewe: salama. Akampima Naomi tena, kikalia tena. Naomi hakutania, na hilo lilimtisha Tusajigwe kuliko mlio wa kile kifaa. Akambana kidole kwa kile kidude cha kupimia hewa ya damu. Tarakimu zikapanda, zikashuka, zikakaa chini kabisa, mahali ambapo hazitakiwi kukaa.

"Umetoka? Sema kweli. Umeenda sokoni?"

"Sijatoka, nesi."

"Kwaya?"

"Sijaenda."

"Sasa umekaa na nani, Naomi? Na nani?"

Naomi alivuta pumzi, kifua kikapiga mluzi. "Si unanijua? Nakaa na nani mimi? Na wewe. Na Mkuu."

Na Mkuu! Tusajigwe alijiona getini asubuhi zote zile, anaelekeza kipimajoto kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa wahadhiri, kwa muuza ndizi. Palikuwa na paji moja tu la uso ambalo hakuwahi kulielekezea mkono. Wala si kwamba alilisahau. Kusahau ni kitu ulichowahi kukikumbuka, na hili halikuwahi kumjia akilini hata siku moja.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu. Kaa hapo, usiinuke."

Alikimbia hadi nyumbani kwa Mkuu. Mama mkwe wake, Elizabeth, alikuwa kibarazani anapeta mchele, na alipoona nani anakuja mbio namna ile, akaweka ungo chini.

"Mama, Baba yuko wapi?"

Elizabeth akatazama miguu yake. "Yuko ndani. Kifua kimembana. Tangu arudi msibani Ngana."

"Msiba gani? Si yeye mwenyewe aliyekataza misiba?"

"Aliwakataza wanachuo. Yule aliyekufa ni mchungaji mwenzake, walibatizwa siku moja. Asiende, watu waseme nini? Waseme ndiye aliyemroga? Alilala matanga kama wenzake, akarudi kwa geti lake la nyuma."

"Na hamkuniambia!"

"Nani akuambie, mwanangu? Alisema ukijua itakubidi uje umshike. Akasema, aibu hiyo aipeleke wapi mzee mzima? Eti ni mafua, yatapita. Kazini akawa anakwenda hivyo hivyo."

Ndiyo hivyo. Mficha maradhi, kilio humuumbua, isipokuwa mara nyingine kilio chenyewe kinaangukia mlango wa jirani.

Tusajigwe aliingia. Naam, aliingia chumba cha baba mkwe wake, mlango ambao hata kuufagilia kizingiti hakuwahi. Elizabeth alipiga yowe nyuma yake. Mzee alipoona kivuli cha mwanamke na kukitambua, alijigeuzia ukutani akavuta blanketi mpaka kichwani.

"Elizabeth! Mtoe! Mtoe mtoto wa watu humu!" Alisema hivyo vipande vipande, pumzi inakatika kila neno.

Tusajigwe alipiga magoti kando ya kitanda. Alipitisha mkono chini ya blanketi, akaushika mkono wa mzee kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ulikuwa wa moto. Akambana kidole kwa kile kidude. Alichokisoma hakutaka kukisoma mara mbili. Alitoka nje anapiga kelele aitwe Yusto dereva, na gari liletwe sasa hivi, Naomi naye atolewe zahanati, wapelekwe wote hospitali.

Gari la chuo ni moja. Walipofika kupanda, likatokea jambo ambalo mpaka leo Tusajigwe akilikumbuka anakaa chini. Mzee alishika mlango akagoma. Hakai kiti kimoja na mkamwana wake, bora afie barabarani. Na yule Tusajigwe shujaa wa dakika chache zilizopita hakuonekana tena. Alisimama upande wa pili, macho chini, kitenge kichwani, kama bibi yake alivyomfundisha. Wote wawili wakamtazama Naomi. Basi Naomi, na kifua chake kile, akapandishwa katikati.

Gari likaondoka, vumbi nyuma. Hawajafika mbali, mzee akakohoa, akasema huku anatazama mashamba ya mpunga, "Naomi, mwambie afungue dirisha la kwake."

Na Naomi, ambaye hata kumeza mate ilikuwa kazi, akageuza shingo. "Nesi... anasema... dirisha."

Tusajigwe akalifungua. Alitaka kusema, Naomi, nyamaza. Alitaka kusema, Baba, niko hapa, nakusikia, niambie mimi. Akavuta kitenge usoni.

"Mwambie asiache chuo bila mtu."

"Anasema... chuo..." Naomi akainama, mabega yanapanda na kushuka, mikono imeshika kiti cha mbele.

"Mkuu, kwa ajili ya Mungu!" Yusto alipaza sauti kutoka mbele. "Si mnasikiana nyie? Mnasikiana! Mwacheni dada wa watu apumue!"

Waliendelea hivyo, watu wazima wawili wamefunga vinywa na msichana anahema katikati yao, mpaka hospitali.

Wote wawili walitundikiwa hewa, mzee wodi ya wanaume, Naomi ya wanawake. Chuo kikafungwa, wachache waliopata homa wakatengwa, na wakapona wote. Tusajigwe alipimwa akaambiwa hana kitu, na hata hakuelewa ashukuru au aone haya. Naomi alifariki Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani. Daktari alipotoka kumwambia, Tusajigwe alimsahihisha. "Hapana, daktari, huyo ana pumu tu. Mwongezeeni hewa." Ikabidi aambiwe tena, na mara ya tatu akashikwa mabega na kukalishwa.

Walimpeleka Ikombe kwa mtumbwi kutoka Matema, waombolezaji wachache kama ilivyoagizwa, bila matanga. Mama yake Naomi hakupiga kelele. Alimtazama Tusajigwe usoni akamuuliza swali moja tu. "Si mlisema huko chuoni ndiko salama?" Kisha akageuka akaenda zake kwenye kaburi la mwanawe.

Mzee alipona. Madaktari walikataza asiambiwe chochote mpaka apate nguvu, na alipozipata, Lugano mwanawe akiwa bado yuko njiani kutoka Songea, wakamwambia Tusajigwe kwamba yeye ndiye nesi na yeye ndiye ndugu, aingie akamwambie. Alisimama mlangoni pa wodi amejitanda, uso kando. Mzee alikuwa amekaa kitandani. Akasikia nyayo, akajua ni za nani, akageukia dirishani kwa heshima.

"Naomi," aliita, akidhani yuko hapo kama siku zote. "Mwambie mkamwana wangu nimemsamehe kwa kuingia kile chumba. Na mwambie ndaga fijo, ameniokoa."

Akasubiri neno livuke. Halikuvuka. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye sakafu.

"Naomi? Hujasikia?"

Tusajigwe alishusha kitenge mabegani. Aliingia, akasimama mbele ya kitanda, mahali ambapo mzee asingeweza kumkwepa.

"Baba," alisema, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu aolewe. "Naomi amefariki. Tumeshamzika, kwao Ikombe."

Mzee alishtuka akamtazama machoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na wala hakuonekana kujua kwamba anakifanya.

"Naomi gani?"

"Naomi wetu, Baba."

"Haiwezekani." Alitikisa kichwa, akaendelea kukitikisa. "Haiwezekani! Yule mtoto hakutoka hata getini. Si ulimfungia? Aliupata wapi, na wewe ulikuwa unawapima watu wote?"

Tusajigwe hakuinamisha macho.

"Si wote, Baba," alisema.