Alama ya Mwaka Huu

Picha aliyoichomoa Wilf Tweddle ukutani iliacha mraba mweupe, maana moshi wa jiko ulikuwa umeupaka ukuta mzima rangi ya chai isipokuwa hapo tu. Mzee alikifuta kioo kwa mkono wa sweta, akampa askari aliyeketi mezani pake.

"Huyo hapo," akasema. "Mwanangu, Keith."

Konstebo Shona Rutherford aliipokea kwa mikono miwili. Kijana mwenye ndevu nyeusi alikuwa amemkumbatia kondoo dume mwenye utepe wa ushindi shingoni. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeushukia mlima Kelda mpaka kwenye ukuta wa mawe wa shamba la kwanza, na alasiri ilishaanza kufanana na magharibi. Novemba kule juu haina mzaha. Anayelala mlimani bila hema, asubuhi hushushwa kwa machela, na si kila mara huwa hai.

"Alipaswa kufika lini, mzee wangu?"

"Kwa basi la mchana. Leo ndiyo kumbukumbu ya kifo cha mama yake, Peggy. Alisema atakuja twende kaburini." Akasita. "Alimwambia Doreen wa jirani. Si mimi."

Rutherford akaendelea kuuliza, mzee akajibu, yote yakaingia kwenye kompyuta ndogo. Jina, Keith Tweddle. Jinsia, mwanamume. Miaka thelathini na minane. Mrefu, ana ndevu, sauti nzito. Nguo je? Wilf alikuna kidevu. Atakuwa na koti la shambani, akasema, kama kawaida yake.

Redio begani mwa askari ikakoroma. Dereva wa basi amepatikana, naye anasema hakumshusha mwanamume yeyote wa namna hiyo. Waokoaji wa mlimani, watu wa kijijini wanaojitolea, walikuwa wamekwisha kumwita Keith kuelekea mlimani bila kuitikiwa, na sasa wamesimama uani na kamba zao wakisubiri kuambiwa waanzie wapi, au warudi majumbani kwao.

"Basi hakuja," Wilf akasema. Hakujua kama ashushe pumzi au alie.

"Nani hakuja?" Mlango ulikuwa umefunguliwa na Doreen Charlton, aliyetoka kuwagawia waokoaji chai, sinia bado mkononi. "Alinipigia simu akiwa ndani ya hilo basi! Wewe Wilf, umemwambia nini huyu askari, binti wa watu?"

Konstebo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Ngojeni kwanza. Utaratibu wetu, nilichokiandika lazima nikusomee, mzee, neno kwa neno, ndipo utie saini kwamba ni kweli. Hebu sikiliza."

Akasoma taratibu, bila kuongeza chumvi. Mwanamume. Ndevu nyeusi. Sauti nzito. Koti la shambani. Wilf alisikiliza kichwa ameinamisha, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kunyong'onyea kitini.

Maisha yake yote alikuwa mchungaji. Kila Novemba wachungaji wa pande zile hukutana kurudishiana kondoo waliopotea, na kila mwenye kupotelewa husimama akawataja wake kwa alama. Rangi nyekundu ubavuni, pengo sikio la kushoto, na kadhalika. Baba yake Wilf aliwahi kuwataja kondoo wake kwa rangi ya zamani, akasahau kuwa baada ya kunyolewa aliwapaka ya buluu. Kondoo wenyewe walikuwa zizini mbele ya macho yake, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wenzake walimtania mpaka anaingia kaburini. "Bado unawatafuta wa mwaka jana?" walikuwa wakimuuliza kila wakikutana naye dukani.

Na sasa yeye, mtoto wa baba yake, alikuwa anamtafuta mwanawe kwa alama ambayo alijua fika haipo tena. Alimwona siku ya mazishi ya Peggy. Nyuma kabisa ya kanisa alikuwa amesimama mwanamke mrefu mwenye koti la kijani, nywele mabegani, na alimnyanyulia mkono. Wilf alikitumbulia macho kitabu cha nyimbo hadi mwanamke yule alipoondoka.

"Ndevu?" Doreen akang'aka. "Ndevu zipi jamani! Wilf, kama husemi wewe nasema mi..."

"Nyamaza, Doreen." Mzee aliinua mkono. "Nitasema mwenyewe."

Doreen akaitua sinia mezani.

"Siwezi kutia saini," Wilf akamwambia konstebo. "Huyo uliyemsoma hayupo. Mwanangu anaitwa Hazel." Hakuwahi kulitamka jina lile hata akiwa peke yake, na sasa alipolitamka dari haikumwangukia. "Hazel Tweddle. Hana ndevu. Nywele za kahawia, mpaka hapa. Ana koti la kijani, la mjini lile, mlimani halifai hata kidogo. Yeye ni... anaishi kama mwanamke. Miaka sasa." Akajifuta macho kwa sweta. "Hapo penye jinsia sijui mnaandika nini. Nimekuharibia kazi."

"Hujaharibu kitu," Rutherford akasema, vidole vyake tayari vinakimbia. "Hapo hata wakubwa wetu hawajaelewana. Kituo nilichotoka, mtu aliandikwa vile anavyojitambulisha. Hapa wanataka ya kuzaliwa. Mwakani utakuja waraka mwingine, tuanze upya. Mimi naandika zote mbili, kila moja mahali pake, maana daktari atauliza hii, na wale walio nje kwenye ukungu wanaitaka ile. Anayetafutwa aandikwe atakavyoonekana na atakavyoitika. Hayo mengine wagombane vikaoni."

Akainamia redio. Jibu la dereva halikuchelewa. "Mama mrefu wa koti la kijani? Sasa si mngesema! Nilimshusha kanisani, kabla ya kufika kijijini. Alitaka kupita njia ya juu, ile ya zamani."

Wilf akapiga meza kwa kiganja. "Zizi la mawe! Lile la juu! Akizidiwa na ukungu atajibanza mle, mama yake alimfundisha tangu mdogo." Lakini konstebo alishafika uani.

Nyonga mbovu ya Wilf haikumruhusu kupanda mlima, kwa hiyo alisimama getini, Doreen amemfunika blanketi. Taa za waokoaji zilimezwa na ukungu, zikabaki sauti. "Hazel! Haaazel!" Ilikuwa sauti ya Ted muuza nyasi, ya mwalimu mkuu, ya vijana wa Armstrong aliowafundisha kunyoa kondoo. Miaka yote alikuwa ameogopa kicheko cha watu hawa. Sasa walikuwa wanaliita jina lile kwa nguvu zao zote, kwenye baridi ile, bila malipo, na hakuna aliyecheka. Akaushika ukuta, akavuta pumzi, na yeye akaita.

Walimteremsha kifundo kimevimba na midomo imekuwa ya buluu, lakini anaongea. Wakamketisha karibu na jiko, bakuli la mchuzi mkononi.

"Mwanzo nilisikia mtu anaita Keith," Hazel akasema bila kumtazama yeyote. "Nikajua baba ndiye kawaambia. Nilishindwa kuitika. Niliona bora nigande." Akakoroga mchuzi. "Baadaye nikasikia Hazel. Nani kawaambia?"

Doreen alimnyooshea mzee kidevu.

"Ukaidi wa kutoitika nao kautoa kwa nani?" Doreen akasema. "Mngekufa wote wawili, mmoja mlimani, mwingine kitini!"

Hazel alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Wilf alimsogelea, hakujua mikono aiweke wapi, mwisho akaiweka begani, juu ya koti la kijani lililoloa, akaiacha hapo.

Konstebo alikuwa anasubiri mlangoni. Wilf alimpa trei ya mayai, akakataa. Askari haruhusiwi kupokea zawadi. Doreen akasema yeye si askari, atayapokea ampelekee mama yake konstebo.

"Limebaki moja nifunge jalada," Rutherford akasema. "Aliyeripoti lazima amtambue aliyepatikana. Mzee Tweddle, huyu ndiye uliyemripoti?"

"Ndiye."

"Jina lake?"

"Hazel Tweddle. Binti yangu."

Askari akaandika, akamsogezea kalamu ya kutilia saini. Wilf hakuigusa. Mkono wake ulikuwa umerudi begani mwa mwanawe.

"Utaratibu wenu," akasema, "ni kunisomea kwanza."

"Mzee, ni mstari mmoja tu."

"Huo huo. Nisomee, naye asikie."