Jina la Pili la Sodiamu

Mwalimu Pantaleo alifundisha majina ya chumvi kama anayefukuza kuku: haraka, na kwa fimbo. Metali inatangulia, isiyo metali inafuata, mwisho wake unageuka kuwa "-idi". Sodiamu na klorini, sodiamu kloridi! Kidato cha pili kizima kiliitikia, na Nyamizi aliitikia kuliko wote. Hakuna aliyeuliza vitu hivyo vina tabia gani, maana tabia haikuwa na maksi. Elimu gani hiyo, ya kujua jina bila kumjua mwenyewe!

Kiangazi kilipokausha lambo, baba yake Nyamizi, mzee Ngassa, alinunua pipa la kunyweshea ng'ombe kwa mchuuzi aliyetoka upande wa machimbo ya Geita. Karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pipa ilikuwa imekwanguliwa, limebaki neno moja. Ndani, chini kabisa, palikuwa na unga mweupe. Akamwita binti yake.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe ndiye macho yangu. Hapa pameandikwaje?"

"Sodiamu, baba." Kifua kilimjaa. "Chumvi ya kula ni sodiamu. Magadi nayo ni sodiamu."

"Na hayo yaliyofutika?" aliuliza mama yake.

"Hilo ni jina la pili tu, mama."

Ngassa alicheka kwa furaha. Ng'ombe na chumvi, nani asiyejua? Hakuusuuza ule unga. Alimimina maji juu yake, ng'ombe wake wafaidi.

Madoa alikunywa wa kwanza, akaanguka palepale. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na Ngassa akawa anawaita kwa majina yao mpaka akakosa wa kumwita.

Bwana mifugo alilitazama pipa kwa mbali. "Hiyo ni sayanidi, sumu ya kuchenjulia dhahabu! Nani kawaambia ni chumvi?"

Nyamizi alifumbua kinywa, lakini baba yake alimwahi.

"Ni mimi," alisema Ngassa. Afadhali angempiga.

Shuleni Nyamizi alimuuliza mwalimu kama sayanidi inaua.

"Sayanidi ni ayoni yenye chaji hasi moja," alijibu Pantaleo bila kuinua macho. "Mtihani unataka jina. Hayo mengine ya nini?"

Na kweli, jaribio la wiki ile lilitaka jina. Nyamizi aliandika "sodiamu sayanidi", akapata vema nyekundu.

Jioni Ngassa aliomba kuiona karatasi ya jaribio, kama kawaida yake. Hakujua kusoma, ila vema aliijua. Akaigusa kwa kidole.

"Hii umeipata kwa nini?"

"Kwa jina la lile pipa, baba."

"Safari hii umeliandika lote?"

"Lote, baba."

Mzee alimrudishia karatasi yake, akanyanyuka, akaenda kufunga lango la zizi. Ndani hamkuwa na kitu. Alilifunga tu, kwa mazoea.