Tangi la Sita

Mzee Chumvi hakuwahi kuuza chumvi wala kuivuna. Jina alibandikwa na kinyozi, siku aliposimulia jinsi nahodha wake wa zamani alivyompiga papa makofi mawili, la kulia na la kushoto, mpaka papa akaomba radhi.

"Papa aliomba radhi kwa lugha gani?" kinyozi aliuliza, wembe ukiwa shingoni mwa mteja.

"Kwa kichwa. Mwenye adabu hasemi na maji mdomoni."

Mteja alicheka nusura akatwe koo, na tangu hapo jina likaganda.

Lakini hata chumvi huhitaji mchuzi wa kutiwa, na mchuzi wa mzee huyu ulikuwa wa kweli. Ujanani alikuwa kibarua wa kupaka grisi katika chumba cha injini cha meli iliyolala ubavu mlangoni mwa ghuba, mita thelathini chini ya maji, mwaka wa arobaini na moja sasa. Kibarazani kwa kinyozi aliizamisha kwa njia kumi na moja tofauti. Mara wimbi la ghorofa nne, mara nyangumi mwenye wivu. Ukweli ni kwamba iligonga mwamba mchana kweupe, bahari imetulia kama maji ya beseni, kwa sababu mshika usukani alipiga chafya tatu mfululizo. Wote walishuka salama. Mpishi alishuka hadi na sufuria yake, mchuzi umo.

Kilichobaki ndani ni mafuta. Mafuta mazito ya kuchomea tanuri, meusi, yale ambayo yakipoa huganda kama nta. Kutu nayo hailali. Kila mwaka ilikuwa ikilamba bati la meli, na siku ambayo ingefika upande wa pili, ghuba nzima ingevaa kaniki. Ndiyo maana serikali ilileta tishari lenye pampu na kundi la wapiga mbizi, na aliyewekwa kuwasimamia alikuwa mhandisi mwanamke, kitinda mimba wa Mzee Chumvi mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa ya kazi, binti aliweka karatasi mezani, kando ya kikombe cha baba yake.

"Baba, hebu tazama. Huu si mwandiko wako?"

Mzee akavaa miwani, ingawa aliuona vizuri tu. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa daftari la zamu, lile ambalo nahodha alishuka nalo amelikumbatia kama mtoto mchanga. Tangi la kwanza, kipimo chake. La pili, kipimo chake. Mpaka la tano. Halafu: Tangi la sita, kavu. Chini yake sahihi yenye mkia mrefu kama wa panya.

"Ndio wangu, mama," akasema. Alimwita mama kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake.

"Matano tumeyamaliza. Hilo la sita, umeshatuambia wewe. Kesho tunang'oa nanga." Binti akatabasamu, akakunja karatasi taratibu kama kitu cha thamani. "Watu wananitania eti baba yako mwongo. Nimewaambia, mdomo wake waachieni vinyozi. Kalamu yake mimi naiamini."

Mzee akasukuma kando kikombe cha chai.

Mle chumbani mwa injini walikuwa na msemo: fimbo kavu, tangi kavu. Unashusha fimbo ya chuma kwa kamba kupitia bomba la kupimia, unaivuta, unasoma mafuta yamefika wapi. Zamu ile ya kipimo cha mwisho fimbo ya tangi la sita ilitoka safi, inang'aa. Msemo ukasema kavu, naye akaandika kavu. Ila kamba ilipaswa kushuka mita tisa, na ilishuka mbili tu, ikagonga kitu: du. Alijua. Mafuta yalikuwa yameganda mle ndani, na dawa yake ni kufungua mvuke na kukaa kwenye joto lile zamu nzima, jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu. Na jikoni kwa mpishi alikuwa ameacha hadithi katikati, hadhira inasubiri. Siku mbili baadaye, chafya tatu.

Miaka arobaini na moja alisimulia kila kitu kuhusu meli ile, isipokuwa hilo.

Saa tatu alikuwa juu ya tishari, amepelekwa na boti ya vyakula. Mkuu wa wapiga mbizi, waliyemwita Pweza kwa kuwa mikono yake ilikuwa kila mahali kwa wakati mmoja, alikuwa akikunja mipira.

"Karibu mzee wangu! Leo papa kaomba nini?"

"Rudisha mipira, mwanangu. Tangi la sita limejaa."

Pweza akaangua kicheko, na wenzake wote wakapokea. "Limejaa nyangumi?"

Binti alitoka kwenye kibanda cha mitambo. Mzee akavua kofia. Akaeleza kamba, mita mbili, du, hadithi ya jikoni. Hakupamba neno. Alipomaliza, kicheko kilikuwa kimekatika, lakini Pweza alitikisa kichwa.

"Mhandisi, chombo cha kutuvuta kinafika kesho alfajiri. Na hilo tangi limevikwa makombe ya baharini unene wa mkono. Tukwangue siku nzima kwa ajili ya ngano?"

Binti alimgeukia baba yake. "Baba. Umetia chumvi au hukutia?"

"Mama, katika hadithi zangu zote umewahi kunisikia mimi ndiye mvivu?"

Binti aliitoa ile karatasi mfukoni, akaiangalia, na uso wake ukafifia kama taa inayopunguzwa utambi. Mzee aliliona hilo, akalimeza.

"Pweza," binti akasema. "Vaa."

Baba na binti wakasimama kibandani, mbele ya skrini ya kamera aliyoshuka nayo Pweza. Kwanza ilikuwa kijani tupu. Kisha meli ikajitokeza kidogo kidogo, kama mlima unaojongea wenyewe. Mzee alishika ukingo wa meza. Aliiacha ikiwa chuma, na sasa ilikuwa na manyoya, na maua, na macho ya samaki kwenye kila dirisha. Mlango aliokuwa akipita akiinama, kundi la samaki wa fedha lilipita bila kuinama, wakapinda wote pamoja kama shuka linalokung'utwa. Ngazi yake. Kumbe alikuwa amesimulia miaka yote na hajaifikia hata nusu.

Pweza alikwangua. Saa moja, saa mbili, akipokezana na mwenzake, mpaka bati likaonekana. Akaligonga kwa nyundo, na kwenye spika ikasikika: du.

Kibandani hakuna aliyecheka.

Wakapachika koki juu ya bati, wakatoboa kupitia humohumo ili lisivuje hata tone. Koki ikafunguliwa. Hakikutoka kitu.

"Kavu," Pweza akasema kutoka chini.

Neno lile lile. Binti hakugeuka kumtazama. "Si kavu. Yamelala. Shusha mvuke."

Mvuke ukashuka. Jua likapanda, likapinda. Kinyume na desturi yake, mzee hakusimulia chochote. Alikaa ameweka kiganja juu ya mpira mnene uliotoka baharini, ukiwa baridi kama mgongo wa chura.

Alasiri mpira ukatetema. Ukatulia. Ukatetema tena, halafu ukapata joto, polepole, chini ya kiganja chake, kama mnyama anayerudiwa na damu. Kwenye kioo cha bomba kikaja kitu cheusi, kizito, kinachong'aa, kikapita na hakikuisha. Ikaja na ile harufu, ya zamu, ya ujana wake. Pweza alipanda juu, akavua kofia yake ya chuma, akasimama, maji yakimchuruzika. Kitu kile kilikuwa kimelala chini yao wote, chini ya watoto wanaoogelea na nyavu na madirisha ya mji, kimefunikwa kwa neno moja.

Chombo cha kuvuta kiliambiwa kisubiri. Mafuta yalitoka siku mbili, tani tisini na nne.

Mwisho, binti alishusha fimbo kwa mkono wake kutoka tisharini, kupitia mpira hadi ndani ya koki. Kamba ikaenda mpaka ikaisha. Akaivuta, akaipangusa kwa kitambaa cheupe, akamwonyesha baba yake kitambaa, kingali cheupe. Kisha akamsogezea daftari jipya na kalamu.

"Andika wewe."

Mzee akaomba fimbo ishushwe tena. Na tena. Pweza akaguna, lakini akashusha. Ndipo mzee akaandika: Tangi la sita, kavu. Akatia sahihi, mkia wa panya ukapinda.

Kesho yake kibarazani alisimulia yote, tangu mwanzo, vilevile yalivyokuwa. Kinyozi alisikiliza hadi mwisho, akapuliza nywele kwenye mashine.

"Ya papa ilikuwa na afadhali," akasema.