Kulungu Aliyetazama Korongoni

Protus alipopotea siku mbili, kila mtu shambani alishajua jibu: ametoroka. Kazi yake ilikuwa kukarabati ua, na kakake, Dalmas, aliishi Kandara kule Jeddah, mtaa ambao mtu akiingia hapatikani kwa urahisi.

Chebet peke yake hakukubali. Alikuwa askari wa wanyamapori Kenya kabla ya kupata kandarasi ya kutunza kulungu wa shamba hili la milimani, nje ya Riyadh. Mwaka huo wa 2019 wageni walikuwa bado wakishangaa kumwona mwanamke kwenye kazi ile. Protus hakuwahi kushangaa.

"Kesho tukimaliza kuwinda, napeleka jina lake polisi kama mtoro," alisema bosi Mishari, aliyekuwa amefika kutoka Jeddah. "Halas, yameisha."

Alfajiri Chebet na bosi walipanda kilima kilichokabili mteremko wa kulungu, jua likichomoza mgongoni mwao na upepo ukiwapiga usoni, kama Chebet alivyopanga. Waliketi chini ya ukingo wa mwamba ili maumbo yao yasionekane angani. Chebet akasimamisha darubini kwenye miguu yake mitatu, akaanza kuukagua mteremko kipande kwa kipande, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mbona sioni kitu?" bosi alinong'ona.

"Usimtafute kulungu mzima, bosi. Tafuta sikio. Tafuta mstari uliolala, kwa sababu mawe haya yote yamesimama."

Baada ya saa nzima aliupata mstari huo: mgongo, kisha pembe zenye matawi. Dume zee, lile lililoruhusiwa kuwindwa. Bosi akalaza bunduki juu ya mfuko wake.

Lakini jambo moja lilimtatiza Chebet. Dume halikuwa likila. Lilikuwa limekaza masikio, likitazama chini korongoni, wala si upande wao.

"Ngoja, bosi."

"Yalla, haraka, litaondoka!"

"Ngoja, nakuomba!"

Akaziacha pembe, akashusha darubini taratibu mpaka pale mnyama alipokuwa akitazama. Jiwe. Kichaka kikavu. Jiwe. Halafu soli ya buti, na buti likasogea.

"Kuna mtu," alisema. "Chini yake kabisa. Lazima ni Protus!"

Bosi alitoa risasi bundukini. Walishuka mbio, dume likatoweka, wala hakuna aliyelitazama.

Protus alikuwa amelala kivulini, mguu umevunjika, midomo imepasuka. Alikuwa amefuata ua uliobomoka mbali kuliko alivyotumwa, akateleza. Simu ikaisha chaji, sauti ikamwisha kwa kuita.

"Chebet," alisema kwa taabu, "maji."

Chebet alimnywesha kidogo kidogo, huku machozi yakimtoka bila haya. Bosi alipiga magoti mawe yakimchoma.

"Nilikuita mtoro," alimwambia Protus. "Nisamehe."

Alimbeba begani mpaka garini, akampeleka mwenyewe hadi hospitali Riyadh. Adhuhuri daktari akasema mguu utapona. Chebet akampigia Dalmas.

"Wameniambia ametoroka," Dalmas alisema. "Hajafika kwangu, sijalala. Niambie tu ukweli, dadangu."

"Yuko hapa mbele yangu. Anakula tende."

Dalmas akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Mwambie asizimalize! Nakuja na basi la leo."