Umenipa Mji?

Omari Saidi alipanda baiskeli kutoka Ziwani hadi mjini Mtwara na hasira zake, akaingia ofisini bila kupiga hodi. Kwa mtu mpole kama yeye, hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Bwana Stefano, nimekuja kuona karatasi yangu."

Stefano, mtu wa bara aliyesahihisha mtihani wa ukalimani wa mahakama, hakuwa mtu mbaya. Aliitafuta karatasi, akaiweka mezani. Swali la kumi liliuliza maana ya neno la Kiingereza "riddle" na matumizi yake. Omari, aliyejifundisha Kiingereza miaka sita, aliandika kwamba ni swali la fumbo, akatoa na mfano: Nyumba yangu tamu, mwenyewe analala nje. Hapo palichorwa kosa kwa wino mwekundu. Kwa alama hiyo moja, jina lake halikuingia kwenye orodha ya waliofaulu.

"Umetega, hukutegua," alisema Stefano. "Jibu liko wapi?"

"Umenipa mji?"

Rozalia, mpiga chapa wa ofisi hiyo, alicheka puani.

"Mji gani tena?"

"Aliyeshindwa hutoa mji kwanza, ndipo anaambiwa. Nikikutegulia kabla hujashindwa, nimekudharau."

"Hayo ni ya mabibi na wajukuu, ndugu yangu. Huu ni mtihani. Haya, chukua Moshi, na Arusha nakuongezea. Ni nini?"

Rozalia akacheka tena. Masikio ya Omari yaliwaka.

"Korosho."

Stefano alifikiri kidogo. "Ehe. Tunda lake, bibo, ni tamu, korosho yenyewe inaning'inia nje." Akamsogezea kalamu. "Orodha inaondoka saa nane. Andika jibu, na pembeni andika kwamba ulisahau. Nitakupa alama yako."

Omari akaandika: Korosho. Kalamu ikasimama.

"Sikusahau."

"Andika tu. Nani atasoma?"

"Mimi." Akaiweka kalamu chini. "Mnatafuta mtu wa kusema kweli mbele ya hakimu, na mnataka aanze kwa uongo."

"Basi, jaribu mwakani," alisema Stefano, akaikunja karatasi.

Nyumbani, mkewe Rehema alimpokea uani. "Wamesemaje?"

"Wanataka niseme nilisahau," alisema Omari. Akarudia, na sauti yake, ambayo Rehema hakuwahi kuisikia ikipanda tangu aolewe, ikapanda mpaka majirani wakatoka nje.