Chumvi ya Mvushaji

Margareta alirudi kutoka Mahenge, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake, na hata mzigo hajautua vizuri akaanza kusimulia pale kisimani. Eti kwa macho yake mawili amemwona Apolinari, baba yake Tekla, akiwauza wapiganaji wa Vita vya Maji Maji kwa Wadachi. Eti kapokea mfuko wa chumvi kwa mikono miwili, na goti kapiga.

"Tena anacheka, jamani! Watu wanakwenda kufa, yeye anacheka! Mahenge nzima ilizomea."

"Si ilikuwa sinema tu?" mtu akauliza.

"Sinema inapiga picha ya kilichopo. Kisichokuwepo itakipigaje?"

Tekla alikuwa hapo hapo kisimani, kamba mkononi. Akamaliza kuvuta ndoo yake. Chumvi hiyo aliijua. Ndiyo waliyotilia mboga nyumbani hadi ikaisha.

Sinema ilitoka kwenye kitabu ambacho watu wa mtoni walikipenda. Aliyekiandika ni mzungu, lakini aliketi na wazee akawasikiliza. Kilipotoka kwa Kiswahili, Tekla, aliyeishia darasa la nne, alimsomea baba yake masika yote. Humo Wadachi wanamletea mvushaji chumvi ili aseme wapiganaji wamejificha wapi. Anaimwaga mtoni mbele yao, na wao wanampiga risasi. Kila akifika hapo, Apolinari alisema, "Rudia, mwanangu." Mvushaji yule alikuwa baba mzazi wa Apolinari, kitabuni wamembadilisha jina tu.

Ndiyo maana wazungu wa sinema walipomwomba amwigize mvushaji huyo, alikubali huku machozi yakimtoka. Aliimwaga chumvi mtoni, wakampiga picha. Baadaye, watu wamepumzika, mzungu mmoja bado amevaa nguo za Kidachi akamletea mfuko mwingine wa chumvi, wa shukrani. Na mtoni, mgeni akikuletea chumvi, unapokea kwa mikono miwili, unapiga goti, unacheka, asije akadhani umemdharau. Mashine ya picha ilikuwa bado inanguruma. Tekla aliisikia, akadhani ndivyo zilivyo.

Kumbe picha ya chumvi ya kukataa waliikata wakaitupa, wakabaki na ya shukrani. Adabu ya mtu mzima wakaigeuza usaliti!

Kivukoni maneno yakaanza.

"Mzee Apolinari, leo ukinivusha utaniuza kwa ngapi?"

"Huyo? Kibaba cha chumvi kinamtosha!"

Ungekuwa utani, wangecheka na kupanda. Hawakupanda, walikwenda kwenye mtumbwi wa Kelestini. Mama mmoja wa Malinyi, ambaye babu yake alikufa vitani, alitema mate ndani ya mtumbwi wa Apolinari. Mzee akaosha, akarudi nyumbani na kafi lake.

"Niliimwaga kwa mkono wangu," akamwambia Tekla. "Margareta hakutazama vizuri. Sinema ikija hapa, wataona wote."

Tekla akalipokea kafi, akaliegemeza ukutani.

Gari la sinema lilipofika Ifakara, Tekla alikwenda uwanjani jua bado lipo. Teofili, kijana wa Morogoro anayeeleza picha kwenye kipaza sauti, alikuwa anafunga kitambaa cheupe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Viti hatuna, dada, mtakaa chini."

"Sikufuata kiti. Picha yenu ina uongo."

Teofili akacheka. "Ipi isiyo na uongo?"

"Huu umevaa uso wa baba yangu."

Akamweleza yote. Kijana alisikiliza huku akikaza fundo.

"Mimi nimepewa nionyeshe, dada. Sikuitengeneza."

"Lakini unayesema ni wewe! Kizungu chao hapa nani anakijua? Mahenge ulisemaje ilipofika chumvi?"

Teofili akajikuna shingo. "Nilisema, mtazameni msaliti."

"Ulimjua?"

"Ningemjulia wapi?"

"Basi mjue. Yule anakuja."

Watu walishaanza kujaa, Margareta mbele kabisa na mkeka wake. Apolinari alikuwa anapita katikati yao, amevaa shati lake la kanisani, kichwa juu, na watu wakivuta nguo zao asizikanyage. Alikuwa anatabasamu. Alikuja kumwona baba yake akimwaga chumvi.

Teofili akamtazama. Giza lilikuwa linaingia, watoto wakipiga mbinja sinema ianze.

"Kaka," Tekla akasema, "ikifika pale waambie kwamba mvushaji aliimwaga. Hilo tu. Kama huwezi, nipe mimi hicho chombo niseme mwenyewe."

Teofili akainama, akavuta kamba ya mashine ya umeme. Tekla akabaki amenyoosha mkono, anangoja kipaza sauti.