Mlinzi Asiyepepesa Macho

Naanza kwa kusema kosa ni langu, ili mtu asije akamlaumu mama yangu. Mama hajui kusoma na hajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Siku ile alifanya kile ambacho mama yeyote wa mji wetu wa Herat angefanya. Mimi ndiye niliyemweleza vibaya, mimi msomi wa nyumba.

Shule yetu ya wasichana ilifungwa kwa amri ya watawala nikiwa na miaka kumi na sita. Sasa nina kumi na tisa. Muda wote huo nimesomea ndani ya simu, kwa Mwalimu Ferozan, aliyekuwa akitufundisha hesabu darasani. Nyumba yake haiko mbali na kwetu, ila hatuonani. Tuko wasichana arobaini kwenye kundi lake. Kamera tumezima, majina tumebadilisha, yeye anaongea na sisi tunasikiliza.

Watu wa nje wakisikia habari zetu husifu kweli, ati teknolojia imewaokoa mabinti wale. Sawa, imetuokoa, sikatai. Bila simu ile ningekuwa nimeshasahau hata kugawanya. Lakini wanaosifu hawajawahi kufundishwa hesabu na sauti inayokatikakatika. Zamani Mwalimu Ferozan hakuhitaji kuuliza kitu. Aliandika ubaoni, akageuka, akanitupia jicho mara moja, akasema, "Nilab, hujaelewa wewe, usinifanye mtoto. Njoo mbele." Alikuwa akizisoma nyusi zetu. Kwenye simu anauliza, "Mmeelewa?" na sote arobaini tunatuma vidole gumba, kwa sababu bando linakwisha, na nani atakubali kumrudisha mwalimu nyuma peke yake? Siku moja alisema, "Wanangu, nafundisha ukuta. Mnaniambia mmeelewa na mimi sina pa kuangalia." Tukatuma vidole gumba.

Yeye ndiye aliyeniletea habari za chuo. Chuo cha mbali, kinachofundisha kwa kompyuta, kinachukua wasichana wachache wa nchi yetu, miaka minne hadi cheti. Nilitaka ualimu. Mtihani ni mmoja na unafanywa mara moja tu, ukikosa umekosa. Na mimi sikuwa na mwaka mwingine wa kusubiri. Kulikuwa na familia iliyokuja kuniposa, watu wazuri, hata sina ubaya wa kuwasema, na walikuwa wanarudi Ijumaa kuchukua jibu. Baba hakunificha.

"Ukipata chuo," aliniambia, "nitawaambia wangoje, mwanangu anasoma. Usipopata, nitawapa sahani ya peremende, na mambo yamekwisha."

Kwetu, peremende zikishatoka mlangoni posa imekubaliwa, huwezi tena kuzirudisha. Ndiyo yenyewe hiyo.

Mtihani ulikuwa Jumatano, saa nne asubuhi hadi saa sita, na matokeo siku hiyohiyo. Msimamizi wake hakuwa mtu. Ilikuwa programu inayokutazama kwa kamera kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Masharti yake niliyasoma mpaka nikayaota: uonekane uso mmoja tu, isisikike sauti yoyote, usigeuze kichwa, na akionekana mtu wa pili mtihani unafungwa papo hapo. Kabla hujaanza unaizungusha kamera chumba kizima kama dalali anayeonyesha nyumba ya kupangisha.

Jumanne mchana Mama alikuwa amekaa sakafuni akichambua zafarani. Ni msimu wake, vidole vya wanawake wote wa mtaani vimekuwa vya manjano. Nikasimama mlangoni, haraka haraka, daftari mkononi.

"Mama, kesho mtu yeyote asiingie chumbani kwangu."

"Kwani nani atakusimamia huo mtihani?"

"Hakuna mtu. Ni mashine."

"Mashine inamsimamiaje mtu?"

"Inanitazama. Inanikodolea macho usoni saa mbili nzima, haipepesi. Nikiteleza kidogo tu imenimaliza."

Vidole vyake vikasimama. "Saa mbili? Bila hata kusema mashallah?"

Nikacheka. "Mashine haisemi mashallah, Mama."

"Mimi sicheki. Na uso wenyewe ulivyokukonda hivi."

"Basi usiingie. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu. Nenda kasome."

Nikaenda. Laiti ningekaa naye dakika tano. Ningemtazama usoni, ningeona hajaelewa, kama Mwalimu Ferozan alivyokuwa akiona kwangu. Lakini nilikuwa nimeshazoea. Miaka mitatu nimefundishwa kwamba mtu akisema ameelewa, somo limekwisha.

Jumatano betri ya sola ilikuwa imejaa, mtandao ulikuwa mzuri, Baba alikuwa ameshakwenda dukani. Nikaketi kwenye mkeka, kompyuta ya kuazima juu ya meza fupi, mgongo wangu umeelekea mlango. Mlango wenyewe ni pazia. Kwenye kona ya kioo cha kompyuta nilijiona, uso mdogo kama picha ya pasipoti, na pazia nyuma yangu.

Maswali kumi na moja ya kwanza niliyala. La kumi na mbili likanikamata. Nililijua, lilikuwa somo lilelile la siku ya ukuta, ambalo sote tuliliitikia kwa vidole gumba. Nikajaribu huku, nikajaribu kule, saa inahesabu. Jasho likaanza kunitoka. Nikauma mdomo, nikaogopa hata kujifuta uso, nisije nikaonekana nafanya hila.

Halafu nikasikia harufu ya spandi.

Ni mbegu ndogo nyeusi tunazozichoma kumwondolea mtu jicho baya. Mtoto akisifiwa mno, bibi arusi akitazamwa sana, mgonjwa asipopona, spandi inatiwa kwenye chetezo na moshi unazungushwa juu ya kichwa. Nimefukiziwa tangu nazaliwa. Naijua harufu ile kama ninavyolijua jina langu, na nilijua ina maana gani pale: Mama alikuwa amechungulia, akamwona mwanawe amepauka, jasho linamtoka, na mbele yake kitu kinamtazama bila kupepesa, kama mwenyewe nilivyomwambia.

Sikuweza kugeuka. Nikigeuka, mtihani umefungwa. Sikuweza kusema "Mama, toka," kwani nikifungua mdomo umefungwa vilevile. Kwenye ile picha ya kona nikaliona pazia linasogea. Nikashusha mkono chini ya meza nikaupunga, rudi, rudi, kwa nguvu zangu zote, huku uso nimeukaza kama nafikiria hesabu. Baadaye aliniambia kwamba mkono ule ndio uliommaliza. Alidhani hali imezidi, sasa hata viungo vinaruka vyenyewe.

Aliingia taratibu, kwa adabu, akinyata ili asinisumbue. Mkono wa vidole vya manjano ukapita mbele ya uso wangu na chetezo chake, mbegu zinapasuka, moshi umejaa. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Na sauti yake chini chini, "Limtoke jicho la aliye karibu, limtoke la aliye mbali, limtoke la huyu asiyejua hata kusema mashallah."

Kioo kikawa cheupe, kikaandika: Mtihani umefungwa. Mtu wa pili ameonekana. Zilikuwa zimebaki dakika sitini na moja.

Niliandika barua ya kuomba kusamehewa hapohapo. Nikaeleza kila kitu: mama yangu, spandi, jicho. Jibu likaja kabla sijavuta pumzi mbili, na nikajua hakuna aliyeisoma. Wanashukuru kwa maoni yangu, uamuzi ni wa mwisho. Nikampigia Mwalimu Ferozan. Aliniambia ningoje, akarudi baada ya robo saa. "Nimetafuta namba ya mtu, Nilab, hata ya mfagizi. Hamna. Ni fomu tu, ukiijaza inakurudisha kwenye fomu nyingine."

Mama alikuwa bado amesimama na chetezo chake, anatabasamu. "Unaona? Rangi imeanza kukurudia."

"Umeniua, Mama," nikamwambia.

Nilimwambia hivyo, na siwezi kujifanya sikusema. Kisha nikamweleza yote, safari hii polepole, na nikamtazama usoni wakati naeleza. Sasa alielewa. Nilimwona akielewa, na natamani nisingeona. Aliketi chini pale alipokuwa na moshi ukawa unampanda usoni mwake mwenyewe.

Nilifikiri atalia. Hakulia. Akasema, "Darasa la nne walipokufukuza kwa kuchelewa, nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wako. Nilimpelekea mayai na mkate. Alinifokea weee, kisha akanikaribisha chai, kesho yake ukarudi darasani. Mwalimu ni mtu tu. Anaombeka."

"Huyu si wa hivyo, Mama."

"Wewe kaa hapo."

Akaweka chetezo nje ya pazia. Akanawa mikono, ingawa zafarani haitoki kwa maji. Akafunga ushungi vizuri, akaja akapiga magoti mbele ya meza, mikono juu ya mapaja, kama alivyopiga magoti kwa mwalimu yule. Kioo kilikuwa kimeshajizima.

"Salaam alaikum, Mwalimu," akasema. "Samahani kwa usumbufu. Aliyeingia ni mimi, yeye hana kosa. Hakunena neno, hakugeuka, wewe mwenyewe umemwona. Mimi sikusoma, nilidhani unamdhuru. Huyu binti anaamka alfajiri kusoma, anakula daftari liko mkononi. Ijumaa wanakuja kuchukua jibu la posa. Mrudishe amalizie, nakuomba kwa heshima ya mama yako. Mimi nitakwenda kusimama barabarani kabisa, hata ndani ya nyumba sitakuwamo."

Akangoja. Mimi nilikuwa nyuma yake, na kwenye kioo cheusi niliuona uso wake, umeinama kidogo, unasikiliza.

"Hajibu," akaninong'oneza bila kugeuka. "Bado amekasirika?"

"Hajakasirika, Mama. Hakuna mtu humo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kisha akanigeukia, na hakuwa ananibishia, alikuwa anauliza kweli, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu. "Sasa kama hakuna mtu, nani amekufukuza?"

Mlango wa uani ukagongwa. Baba alikuwa amefunga duka mapema, aje aulize matokeo.